UZI: Wanafunzi wa Kichina walioko vyuo vya ng'ambo: nini hasa kinaamua wachanje au wasichanje?

Mzani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mwaka 2019 China ilitoa wanafunzi 703,500 kwenda kusoma nje. Marekani peke yake, mwaka wa masomo 2023/24, ilikuwa nao 277,398, na hapo idadi ilikuwa imeshashuka sana tangu korona. Tafiti juu yao na chanjo ni nyingi, na nyingi hufungua kwa swali lilelile: wanaiamini chanjo au hawaiamini? Hoja yangu ni kwamba swali hilo linarukia ngazi ya tatu kabla ya kukanyaga ya kwanza.

Chukua kijana aliyezaliwa Wuhan mwaka 2006. Tangu siku alipochomwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) na ya homa ya ini B hospitalini, hadi anaandikishwa shule ya msingi, hakuna mtu nyumbani kwao aliyekaa akaamua. Kliniki ya mtaa ilipanga tarehe, mama akaitikia, kijitabu cha chanjo kikaandikwa, shule ikakikagua siku ya kuandikishwa. Chanjo za mpango wa taifa ni bure. Maisha yake yote chanjo imekuwa kitu kinachomwita. Akishuka Manchester au Chicago, mwito umekoma. Sasa ni yeye wa kuuliza: ipi, wapi, bei gani, bima inalipa au hailipi, na yote kwa Kiingereza. Ndiyo mara yake ya kwanza kuamua, na mtu ambaye angemuuliza amelala, maana kwao ni usiku wa manane.

Kwa hiyo naomba tutenganishe makundi mawili. Kuna chanjo za lazima, ambazo asipokuwa nazo chuo kinamfungia usajili wa masomo. Hapo hakuna uamuzi mkubwa. Kinachomkwamisha ni karatasi, tarehe na fedha. Halafu kuna za hiari: HPV (kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi), mafua, homa ya uti wa mgongo aina ya B. Hapo ndipo imani, wazazi na maneno ya mtandaoni yanapofanya kazi. Utafiti unaovichanganya viwili hivi hutoa majibu yasiyoshikika.

Watu wa vitengo vya afya vya vyuo, wakalimani, watu wa maabara, karibuni.

---

NesiMkunga77

Kwenye karatasi umegusa penyewe. Kikwazo namba moja ni surua, na kinatokana na hesabu ya miezi.

Vyuo vya Marekani hufuata kanuni hii: dozi ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela (MMR) inahesabiwa ikiwa mtoto alikuwa ametimiza mwaka 1, wakivumilia upungufu wa siku 4 tu, na dozi ya pili ije angalau siku 28 baadaye. China inatoa ya kwanza kwenye miezi 8. Basi dozi ya kwanza ya karibu kila mwanafunzi wa Kichina inafutwa siku anapowasilisha fomu.

Haikuwa mbovu. Kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto kwa miezi kadhaa na huzima kirusi cha chanjo kabla hakijaufundisha mwili. Ukichelewesha, chanjo inashika vizuri zaidi; lakini ukichelewesha mahali penye surua nyingi, mtoto anaugua kabla hujamchanja. China ikachagua miezi 8, Marekani ikachagua 12, kila mmoja kwa hali yake. Mwanafunzi aelezwe hivyo, kwa sababu anayeambiwa tu "chanjo yako haifai" husikia kwamba kwao walimdanganya, na kuanzia hapo anakuwa mgumu kwa kila kitu.

La pili, ile ya miezi 8 haikuwa MMR. Kwa waliozaliwa miaka ya 2000 ilikuwa surua peke yake au surua na rubela; kwa wengi MMR kamili ilikuja kwenye miezi 18. China ilianza kutoa MMR mara mbili, miezi 8 na 18, Juni 2020, na watoto hao bado wako mbali na chuo kikuu. Mwanafunzi wa leo kwa kawaida ana MMR moja inayohesabika. Anahitaji moja zaidi. Haanzi upya.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii: Septemba 2010 China ilifanya kampeni ya surua nchi nzima, watoto wapatao milioni 100, wengi wao wa miezi 8 hadi miaka 4. Aliyezaliwa 2006 au 2007 alikuwamo. Dozi hiyo ni ya surua tu, lakini alishavuka mwaka mmoja, kwa hiyo inahesabika kama surua. Sheria ya jimbo la New York inataka surua mara mbili, matumbwitumbwi mara moja, rubela mara moja. Kampeni ya 2010 pamoja na MMR ya miezi 18 inatosha kabisa. Kwa chuo kinachotaka MMR mbili kamili, haitoshi. Itafuteni kwenye kurasa za mwisho za kijitabu. Huandikwa "qianghua", yaani ya kuongezea nguvu.

---

Daraja_la_Lugha

Dada Nesi amefika kwenye kijitabu, na humo ndimo makosa yanamozaliwa. Majina ya chanjo huandikwa kwa ufupi sana.

Mazhen ni surua. Masaifeng ni MMR. Katikati kuna mafeng: "ma" ya mazhen na "feng" ya fengzhen, yaani surua na rubela. Sasa neno mafeng, kwa herufi zilezile, ndilo jina la kawaida la ugonjwa wa ukoma. Ukilipitisha kwenye programu ya kutafsiri, linaweza kurudi "chanjo ya ukoma". Karani wa afya wa chuo anaona chanjo asiyoijua, anaiweka kando. Kama mwanafunzi aliwahi kupewa mafeng akiwa amevuka mwaka mmoja, dozi halali imepotea hivihivi na atachomwa nyingine.

Liunao ni homa ya uti wa mgongo ya meningokoka. Yinao ni homa ya ubongo ya Kijapani. Baibaipo ni kifaduro, dondakoo na pepopunda. Baipo haina kifaduro ndani yake. Silabi moja ikidondoka, ugonjwa mmoja umeondoka kwenye fomu.

Njia salama ni vituo vya afya ya wasafiri wa kimataifa, ambavyo tangu 2018 viko chini ya mamlaka ya forodha. Vipo kwenye miji mikubwa yote. Vinapokea kijitabu halisi, vinahamisha rekodi kwenye kijitabu cha kimataifa chenye Kiingereza, vinapiga mhuri, na vingi hujaza fomu ya chuo pia. Mwanafunzi aende na pasipoti, kijitabu cha utotoni na fomu ya chuo iliyochapishwa kwenye karatasi. Kabla hajaondoka dirishani akague mambo matatu.

Jina liwe la pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini) kama lilivyo kwenye pasipoti, ukoo na jina visigeuzwe. Vijitabu vingine vilifunguliwa kabla mtoto hajapewa jina, vimeandikwa "mtoto wa fulani". Hapo aombe kituo kithibitishe kwa maandishi kwamba ni mtu yuleyule.

Tarehe: China huandika mwaka, mwezi, siku. Marekani huandika mwezi, siku, mwaka. Uingereza siku kwanza. Tarehe 5 Machi 2007 inaweza kugeuka 3 Mei, na pengo la siku 28 likavurugika kwenye kompyuta ya chuo. Mwezi uandikwe kwa herufi.

Na mhuri usifunike tarehe. Ni jambo dogo lakini fomu zinarudishwa kwa sababu hiyo.

---

Kaskazi_B

Samahani wakuu, swali la pembeni kidogo. Hii kanuni ya mwaka mmoja inawagusa na vijana wetu wanaotoka Tanzania na Kenya? Kwetu surua ya kwanza ni miezi 9.

---

NesiMkunga77

Inawagusa vilevile, ndugu. Ya miezi 9 haihesabiki. Ya miezi 18 ya surua-rubela inahesabika kwa surua na rubela, lakini matumbwitumbwi haimo kabisa kwenye ratiba yetu. Kwa New York, MMR moja inamaliza: inampa surua ya pili na matumbwitumbwi ya kwanza. Kwa chuo kinachotaka MMR mbili, achome mbili, siku 28 kati yake.

Waliozaliwa miaka ya 2000 walikuwa na surua ya miezi 9 tu, halafu wakapata surua-rubela kwenye kampeni: Tanzania Oktoba 2014, Kenya Mei 2016. Dozi za kampeni mara nyingi hazikuandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kisichoandikwa hakipo mbele ya karani wa chuo. Hapo ni kupima kingamwili au kuchoma tena. Kuchoma tena hakudhuru.

Turudi kwa Wachina.

---

UkweliHaufichiki

Naheshimu hesabu za miezi, lakini Mzani usiifukuze imani mlangoni. Kizazi hiki kimekua na matukio mawili makubwa.

Machi 2016 ilifichuka kwamba huko Shandong chanjo za kulipia zilikuwa zikisafirishwa na kuuzwa kwa miaka bila ubaridi unaotakiwa. Julai 2018 ikaja kampuni ya Changchun Changsheng: kumbukumbu za uzalishaji wa chanjo ya kichaa cha mbwa zilighushiwa, na ikabainika pia kuwa dozi 252,600 za kifaduro, dondakoo na pepopunda zilizokwenda Shandong zilikuwa chini ya kiwango. Faini ilikuwa yuan bilioni 9.1. Sheria ya Usimamizi wa Chanjo ilipitishwa Juni 2019, ikaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo.

Mwanafunzi wa leo alikuwa shule ya msingi au sekondari wakati huo. Alimwona mama yake akitoa kijitabu kabatini, akilinganisha namba za bechi na orodha iliyosambaa kwenye makundi ya WeChat, programu ya Kichina ya kutumiana ujumbe. Hilo halisahauliki kwa sababu mtu amepanda ndege.

---

Mzani

Nakubali, na umenisaidia kunyoosha hoja. Ila tazama kutokuamini huko kumeelekea wapi. Wazazi wengi wa mijini hawakuikataa chanjo. Walihama kutoka guochan, ya kutengenezwa nyumbani, kwenda jinkou, ya kuagizwa nje. Walichotilia shaka ni kiwanda na friji. Mtoto wa nyumba hiyo anapofika ng'ambo anaweza kuwa mwepesi zaidi kuchanja, kwa kuwa ameifikia ile jinkou iliyokuwa ghali na adimu kwao.

Kwa hiyo ukimuuliza kwenye dodoso "unaamini chanjo?" akajibu "kiasi", hujui anazungumzia ipi. Muulize mara mbili: inayotengenezwa China, na inayotolewa hapo alipo.

Kuna upande wa pili pia. Wengi wao, hasa wa mijini, ni watoto wa pekee, maana sera ya mtoto mmoja ilikoma mwanzoni mwa 2016. Wazazi wawili na mababu wanne wamemwelekezea macho mtu mmoja. Habari moja ya madhara, hata ikiwa ya nchi nyingine, inamfikia kwa simu sita.

---

Bi_Maabara

Niongeze kifua kikuu. Si chanjo, ni kipimo, lakini kinagongana na chanjo kwa namna inayowapotezea watu mwezi mzima.

Mwanafunzi wa Kichina ana BCG. Kipimo cha ngozi kinaweza kutoa uvimbe kwa sababu ya BCG tu, bila maambukizi. Aombe kipimo cha damu, QuantiFERON au T-SPOT, ambavyo havidanganywi na BCG. Na upande wa pili wa sarafu: kipimo cha damu kikitoka chanya, asijiambie "ni BCG hiyo". Si BCG. Apigwe picha ya kifua. Ikiwa safi na hana dalili, ana maambukizi yaliyolala, hamwambukizi mtu, na atashauriwa dawa, kwa mfano rifampisini kwa miezi 4.

Sasa ugomvi wenyewe. MMR na tetekuwanga ni chanjo hai zilizodhoofishwa. Zinaweza kuzubaisha kinga kwa wiki kadhaa, na kipimo cha kifua kikuu kikatoka hasi ya uongo. Kanuni: damu itolewe siku ileile ya chanjo, au kabla yake, au usubiri wiki 4. Tena MMR na tetekuwanga zichomwe siku moja. Zikitengana, siku 28.

Mpango unaofanya kazi: tarehe 20 Juni, damu ya kifua kikuu na ya kingamwili itoke kwanza, kisha MMR mkono mmoja na tetekuwanga mkono mwingine. Tarehe 18 Julai, dozi za pili za zote mbili. Agosti yote imebaki kwa fomu kurudishwa na kurekebishwa. Anayechoma MMR wiki moja kabla ya safari kisha anaulizwa kipimo cha damu siku ya kuripoti, huyo amejifungia mwenyewe hadi wiki ya tatu ya muhula.

Tetekuwanga msiisahau. Kwa sehemu kubwa ya China ni ya kulipia, haimo kwenye mpango wa taifa. Wengine wana dozi moja, wengine hawana.

---

NesiMkunga77

Bi Maabara umenena. Na mbili zinazowashangaza wengi kwa sababu wanadhani wanazo.

Uti wa mgongo. Kijitabu kinaonyesha sindano nne: aina A mara mbili uchangani, A na C miaka 3 na 6. Fomu ya Marekani inataka ACWY (aina A, C, W na Y kwa pamoja), iliyounganishwa na protini, mara nyingi iliyotolewa baada ya kutimiza miaka 16. Za utotoni ni za sukari tupu ya ganda la bakteria (polisakaridi). Mwili haujengi kumbukumbu nazo na kinga huisha baada ya miaka michache. Kituo cha wasafiri China kinaweza kuwa na ACYW135, ila kwa watu wazima ni ileile ya sukari tupu, na chuo kinaweza kuikataa. Kabla hajalipa, aandike barua pepe kitengo cha afya cha chuo: "mnapokea ya polisakaridi?" Texas ina masharti yake: mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22 awe amechanjwa ndani ya miaka 5 na angalau siku 10 kabla ya masomo kuanza. Akifika mkono mtupu, siku 10 hizo hazina njia ya mkato.

Kifaduro cha watu wazima, Tdap. Kwa miaka mingi China bara haikuwa na chanjo ya kifaduro kwa watu wazima. Ratiba ya waliozaliwa miaka ya 2000 iliishia miaka 6 na baipo isiyo na kifaduro. Kwa hiyo huyu mara nyingi hulazimika kuchoma Hong Kong akiwa njiani, au chuoni. 

---

Mpwani_wa_Leeds

Uingereza mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inaonyesha kitu. Visa ya zaidi ya miezi 6 inataka cheti cha kifua kikuu kwa picha ya kifua kutoka kliniki iliyoidhinishwa huko China. Baada ya hapo vyuo vingi havifungii usajili kwa sababu ya MMR. Vinashauri tu. Matokeo yake mwanafunzi anakaa miaka mitatu bila kuchanja na bila kukataa.

ACWY ni bure kwa anayeingia chuo kikuu mara ya kwanza, hadi siku ya kutimiza miaka 25, na wa kutoka nje wamo. Na ameshalipa: tozo ya afya ya uhamiaji kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Kinachomzuia ni kutojiandikisha kwa daktari wa familia. China mgonjwa huenda moja kwa moja hospitali kubwa, anachukua namba, anamwona bingwa siku hiyo. Mlango mdogo wa daktari wa mtaa hauko kichwani mwake. Anajiandikisha akiugua, na chanjo si ugonjwa.

Vyuo vinavyofanikiwa huweka meza ya kujiandikisha kwa daktari palepale wanapochukulia kitambulisho cha mwanafunzi. Fomu moja, dakika kumi.

---

Shangazi_Takwimu

Naomba nilete HPV, kwa sababu hapa ndipo uamuzi halisi unapoonekana.

China iliidhinisha chanjo ya kwanza ya HPV mwaka 2016. Ya aina tisa ilikuja Aprili 2018, lakini kwa wanawake wa miaka 16 hadi 26 tu; Agosti 2022 ndipo ikafunguliwa kwa miaka 9 hadi 45. Miaka yote ya katikati dozi zilikuwa haba. Miji kama Shenzhen iligawa nafasi kwa bahati nasibu. Bei karibu yuan 1,300 kwa dozi, karibu 4,000 kwa tatu. Uhaba ule ulifanya kazi ambayo tangazo lisingeweza: msichana aliyekosa nafasi mara tano hahitaji kushawishiwa tena. Akifika ng'ambo anauliza mwenyewe.

Wavulana hadithi nyingine kabisa. China bara haikuwa na chanjo ya HPV iliyoidhinishwa kwa wanaume hadi Januari 2025. Maana yake mvulana aliyeondoka 2022 hajawahi kusikia kwamba inamhusu, na jina lake la kawaida kwao ni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Ukimpa dodoso akajibu "hapana, sina mpango", usiandike kwamba anasita. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kirusi hichohicho huleta saratani ya koo na ya njia ya haja kubwa.

Fedha. Marekani dozi ya aina tisa bila bima ni kama dola 300. Bima nyingi za vyuo hulipa zote bila mchango. Lakini bima za bei nafuu zinazouzwa na mawakala kwa Kichina mara nyingi hazilipi kinga, zinalipa ugonjwa na ajali. Asiulize "mnalipa chanjo?", atajibiwa ndiyo. Aulize kwa namba: 90651 ni HPV ya aina tisa, 90707 ni MMR, 90471 ni ada ya kuchoma. Halafu aulize kama duka la dawa la chuo limo kwenye mtandao wa bima hiyo. Ankara nyingi za kushtukiza zinatoka kwenye ile 90471, au mahali alipochomea.

---

Chuo_Mlimani

Na korona? Maana tafiti nyingi zilizopo ni za 2021 na 2022.

---

UkweliHaufichiki

Zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu wakati ule swali halikuwa la afya peke yake. Chanjo za Kichina zilipitishwa na WHO kwa dharura: Sinopharm 7 Mei 2021, Sinovac tarehe 1 Juni. Vyuo vya Marekani vikatoa masharti ya Agosti wakati watu wamechanjwa Aprili. Baadhi vilitambua zilizoidhinishwa Marekani tu, vingine orodha ya WHO. Marekani yenyewe ilianza kupokea wasafiri wa orodha ya WHO tarehe 8 Novemba 2021, Uingereza ikaziongeza Sinovac na Sinopharm tarehe 22 Novemba. Mwanafunzi aliyesita Juni 2021 alikuwa anauliza: nikichoma hii, kule wataitambua? Nikisubiri ya kule, safari nitasafirije? Chanjo za mRNA, kama ya Pfizer/BioNTech, zilikuwa Hong Kong na Macau, bara hakuna. Na kurudi nyumbani kulikuwa na vipimo, karantini na tiketi chache hadi 8 Januari 2023.

Ukiandika "asilimia fulani walisita" bila kutaja chuo chao kilitambua nini mwezi ule, umepima sera ya chuo ukadhani umepima moyo wa mtu.

---

Mzani

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Kwa wanaoandaa dodoso, mambo ninayoyaona yanaharibika mara kwa mara:

Kipimo cha 5C, dodoso la kupima msimamo wa mtu juu ya chanjo, kina nguzo tano: imani, kubweteka, vikwazo, kupiga hesabu, na kuwajibika kwa wenzio. Kitumike kwa kila chanjo peke yake. Cha mafua hakijibu HPV. Kikitafsiriwa Kichina, mtu mwingine akirudishe Kiingereza bila kuona cha awali, kisha mvilinganishe. Nguzo ya vikwazo ndiyo inayoporomoka kwanza, kwa sababu maswali yake yanadhani mtu anajua pa kwenda.

Usimuulize "umechanjwa?" ukaridhika. Muombe afungue kijitabu au rekodi ya chuo. Wengi hawajui dozi zao. Mama ndiye anayejua.

Kiungo kikipita kwenye makundi ya WeChat, wanaojibu zaidi ni wasichana, na waliokwishavutiwa na mada. Weka idadi kwa jinsia na kwa nchi kabla hujaanza, usisubiri mwisho ndio urekebishe kwa hesabu.

Na weka swali hili: "Mara ya mwisho, nani alitaja chanjo kwanza?" Mama, mwenzake wa chumbani, chuo, Xiaohongshu (mtandao wa kijamii wa Kichina), au yeye mwenyewe. Kwangu swali hilo moja lina thamani kuliko ukurasa mzima wa "nakubali sana, nakubali".

---

Mpwani_wa_Leeds

Mafua yanathibitisha swali lako hilo. China watu wanaochoma mafua hawafiki asilimia 4 kwa mwaka. Ni ya kujilipia sehemu nyingi, na inajulikana kama ya watoto na wazee. Kijana wa miaka 20 haoni kwamba inamhusu. Lakini weka meza kando ya maktaba mwezi Oktoba, bure, kitambulisho tu, na mwenzake wa chumbani akiwa kwenye foleni, anachoma. Weka meza ileile wiki ya mitihani, hachomi, anaogopa homa ya siku moja. Imani haikubadilika, kilichobadilika ni wiki.

---

Kaskazi_B

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kuna binti anaondoka China mwisho wa Agosti, amechoma HPV ya kwanza ya aina mbili tarehe 1 Julai. Huko aendako wana ya aina tisa tu. Anaanza upya?

---

Shangazi_Takwimu

Haanzi upya. Ratiba ya kawaida kwa aliyevuka miaka 15 ni miezi 0, 2 na 6, na zilizobaki zinaweza kumaliziwa kwa ya aina tisa. Ya pili achome Septemba mara akifika. Akiweza kuipata mapema kabla ya safari, isiwe chini ya wiki 4 tangu ya kwanza, yaani si kabla ya 29 Julai. Ya tatu iwe angalau wiki 12 baada ya ya pili na miezi 5 baada ya ya kwanza, kwa hiyo kwa vyovyote si kabla ya 1 Desemba. Akichelewa, anaendelea alipoishia. Pengo refu halifuti kitu.

Ajue tu kwamba dozi moja au mbili za aina tisa hazimpi uhakika uleule wa mfululizo kamili dhidi ya aina saba zilizozidi. Akitaka uhakika huo, azungumze na nesi wa chuo kuhusu dozi za nyongeza, na aulize bima kwanza.

Apige picha ukurasa wenye jina la chanjo, tarehe na namba ya bechi, kisha kijitabu chenyewe akibebe kwenye begi la mkononi. Kwenye sanduku kubwa kisiwekwe.